Viti Nilivyopeleka kwa Mama Sifa

Jamani, kuna mambo mtu angependa kuzikwa nayo, lakini kwa kuwa Masisi nzima inalijua hili, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjamsikia Bahati, yule motari wa pikipiki ya abiria, maana yule anaongeza chumvi mpaka chakula hakiliki.

Mimi ni mfanyakazi wa jamii. Kituo chetu cha afya, huku karibu na Kitshanga, kiliamua kwamba wenye huzuni na hofu watibiwe palepale wanapotibiwa malaria, kwa hiyo sisi tuliozoea kugawa sabuni na kupatanisha wakwe tukawekwa darasani tufundishwe kusikiliza (kusikiliza, mimi, ambaye mume wangu anasema hata redio naikatiza). Mwalimu wetu alikuwa Papa Déo kutoka Goma, mtu mpole mpaka anakera, na wimbo wake ulikuwa mmoja: msikilizaji na mgonjwa wakae urefu mmoja, asiwepo wa juu na wa chini. Mwishoni kila mmoja wetu angemtembelea mgonjwa nyumbani huku yeye akitazama tu bila kusema neno. Ukishindwa, unarudi kwenye sabuni.

Mgonjwa wangu alikuwa Mama Sifa. Zamani aliuza maziwa. Walikimbia vita, na waliporudi ng'ombe wote walikuwa wamekwenda, na tangu hapo halali, haongei, hatoki nje. Mumewe, anayechunga ng'ombe za watu siku hizi, ndiye aliyeniomba. Mama Sifa mwenyewe alikubali kwa sharti moja, akilisema huku ameangalia ukuta: "Unaweza kuya kwangu, lakini majirani wasijue. Watasema niko na wazimu." Nikamwapia, tena mkono juu.

Sasa, nyumbani kwake kulikuwa na kitanda na kigoda kimoja. Nikawaza, Papa Déo atakaa wapi? Na mimi nikikaa kigodani na mgonjwa kitandani, huo urefu mmoja uko wapi? Basi nikaazima viti vya plastiki vya kituo, na hapo ndipo nilipojiharibia. Viti havibebeki kwa mkono katika ule utelezi, nikamwita Bahati na pikipiki yake, mvua ikaanza, nikavifunika kwa turubai la buluu, lile tunaloita shitingi, naye akapita katikati ya soko kwa sababu Bahati hajui njia nyingine duniani, na mimi nyuma nimekumbatia viti, kitenge kichwani, uso umekunjamana kwa baridi.

Semeni ninyi wenyewe. Viti, shitingi, mwanamke amekunja uso, na vyote vinashushwa kwa mtu ambaye hajaonekana muda mrefu. Kwetu hayo ni matanga, hakuna anayengoja kutangaziwa.

Papa Déo ndio kwanza alikuwa amekaa, anafurahia ule urefu mmoja, tukasikia vilio nje. Nikatoka. Wanawake wamejaa uani, vitenge viunoni, mizigo ya kuni za matanga kichwani, na wa mbele amekwisha kujitupa kwenye matope akiita jina la Mama Sifa. Nikawaambia hakuna msiba. Wakasema maskini dada wa watu, huzuni imemchanganya, mumkalishe. Wakanikalisha! Mimi, msikilizaji wa wagonjwa, nimeshikwa mikono na mama wawili napepewa, na Papa Déo mlangoni ananitazama tu, kama alivyoahidi. Mara mume wa Mama Sifa akateremka mbio kutoka malishoni, kiatu kimoja kimebaki njiani, analia, kumbe wamekwisha kumpigia simu.

Hapo Mama Sifa akatoka. Vilio vikakatika. Akawatazama, kisha akazitazama kuni.

"Ni mimi njo munalilia?"

Yule wa mbele akainuka, akaanza kujipangusa matope.

"Wakati nilikuwa mugonjwa, hakuna mwenye alileta hata kakuni kamoja. Leo nimekufa, munaleta mizigo." Mumewe alikuwa amemshika mkono, hamwachi. Mama Sifa akashusha pumzi. "Basi mukae. Viti iko."

Wakakaa, wengine juu ya kuni zao, naye akaongea, juu ya ng'ombe, juu ya kukimbia, juu ya usingizi usiokuja, mpaka mvua ikakatika. Mimi sikuuliza hata swali moja. Njiani Papa Déo aliniambia kwa upole wake kwamba nimesikiliza vizuri kwa sababu sikuachiwa nafasi ya kufanya jambo jingine, na nilitamani kumtupia kiti.

Kesho yake nikarudi kuomba msamaha, kwa miguu, mikono mitupu. Hakunirahisishia. "Siri yangu uliipakia ku moto ya Bahati, ukaipitisha mu soko," akasema. Aibu ile hainitoki hadi leo, maana kama mambo yaligeuka mazuri, si kwa akili yangu. Yule mama angeweza kujifungia ndani moja kwa moja.

Siku hizi anauza maziwa tena, ya ng'ombe za watu, na kila nikipita ananiuliza mbele ya wateja: "Dada Zawadi, leo hauna viti?" Wanacheka wote, nanunua maziwa yangu, naondoka. Kwa wagonjwa nakaa chini, juu ya jiwe, juu ya bidoni ya maji iliyopinduliwa, popote. Viti vya plastiki sivibebi tena, na hata siku ya matanga yangu mwenyewe watavileta wengine.