Vumbi la Mpingo

Baba alikuwa mchonga vinyago, na enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na watalii wakaanza kumiminika, alichonga mpingo tangu asubuhi mpaka magharibi. Nyumbani kwetu Mwananyamala kila kitu chake kilikuwa cheusi: kucha, makamasi, hata mate. Kwa hiyo choo chake nacho kilipogeuka cheusi, hakushtuka. Alimtajia Mama kwa kupitia tu. Mama ndiye aliyeuliza kulikoni.

"Vumbi la mpingo hilo," Baba akasema. "Anayekula mpingo anye nini, chokaa?"

Tulicheka. Kusema kweli ilikuwa hoja nzuri. Wachongaji wenzake nao walisema hivyohivyo, na mgongo ukiwauma wote, Baba akiwamo, walibugia aspirini, tena tumbo tupu.

Kisha mvua zikakata barabara ya kusini, magogo yakaacha kuja. Baba akashinda nyumbani wiki nzima akicheza bao, patasi zimelala ndani ya gunia. Siku moja kizunguzungu kikamwangusha uani, mlangoni mwa choo. Tukamlaza chumbani, Mama akampa ndoo. Alipokwenda kuimwaga akachungulia ndani, akasimama. Mavi yalikuwa meusi tii, yanang'aa, yananata kama lami, na harufu yake ilikuwa ya kukimbiza watu.

Akarudi na ndoo mkononi. "Baba watoto, wiki nzima hujagusa mpingo. Hilo vumbi limekuja kwa posta?"

Baba akajaribu kuinuka, akashindwa. Midomo ilikuwa imempauka, na mie niliogopa.

Hospitalini daktari alisema ile ni damu. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinavuja, na damu ikitoka juu huko, mpaka ifike chini imeshakuwa nyeusi. Wajomba wakatoa damu, Baba akaongezewa. Aspirini ikapigwa marufuku. Akapona.

Tangu hapo, kila Baba alipotoka chooni, Mama alipaza sauti kutoka jikoni, wapangaji wote wanasikia: "Rangi gani?"

"We mwanamke huna haya!" Kisha, taratibu: "Ya kawaida."

Wakaishi hivyo miaka. Aliyetangulia akawa Mama, kwa homa tu. Matanga yalipoanuliwa, asubuhi yake nilikuwa jikoni nawasha mkaa. Baba akatoka chooni, akasimama na kopo lake la maji, anautazama mlango wa jikoni. Nikaendelea kupepea mkaa.

"Ya kawaida," akasema.