Hodi Kwenye Kisanduku

Nilianza na kalamu. Kwa miaka kadhaa nilipeleka habari za bonde letu kwenye magazeti ya mjini, nikawa naziona zinakatwa mpaka zinabaki aya mbili. Nilipochoka kununa, nilijifundisha kutengeneza tovuti, nikafungua gazeti langu la mtandaoni hapa Ifakara. Mwandishi mimi, mhariri mimi, fundi mimi. Baba akiulizwa kazi yangu husema natengeneza mitandao, na jirani mmoja ameshaniletea simu yake mara mbili kwa kuwa kwake mtandao unasumbua.

Juu ya ukurasa wa kwanza niliweka kisanduku cha kutafutia habari. Ndani yake niliandika kwa maandishi ya kijivu: "Unatafuta nini?" Niliyapenda maneno hayo kwa ufupi wake, nikaendelea na mengine.

Masika mto ulifurika. Nilishinda na mabuti siku kadhaa, nikaandika kwamba wavuvi waliozingirwa na maji kambini wametolewa wote salama, wamehifadhiwa shuleni Ifakara. Maji yalipopungua ndipo nikapata nafasi ya kufungua orodha ya maneno ambayo wasomaji waliyatafuta. Nilitegemea bei ya mpunga na ratiba ya treni. Nikakuta hii:

"Hodi humo ndani. Namtafuta mwanangu, alikwenda kuvua. Mimi mama yake, niko Mchombe."

Nilirudia kusoma. Ameulizwa anatafuta nini, naye amejibu. Tovuti yangu ikamwambia: "Hakuna kilichopatikana."

Kesho yake alirudi. "Hodi tena. Ni mimi wa jana, mama wa Mchombe. Ana kovu kidevuni, jana nilisahau kukuambia."

Hakuna kilichopatikana.

Siku ya tatu: "Hodi. Najua una kazi nyingi. Ukimwona mwambie mama yake hajalala."

Hakuna kilichopatikana.

Na habari ilikuwepo! Ilikuwa kwenye ukurasa uleule, chini kidogo ya kidole chake. Lakini programu niliyoiandika kwa mikono yangu ilitaka habari yenye maneno yote aliyoyaandika, na habari gani ya gazeti ina hodi ndani yake? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimelelewa kwamba hodi haiachwi mlangoni. Hata usiyempenda humwambia kwanza karibu, ndipo unune.

Ila zaidi ya aibu, nilistaajabu. Mimi niliyekitengeneza kile kisanduku nilijua hakina mtu. Yeye alikiona ni mlango wa nyumba ya watu, akabisha siku tatu kwa adabu, bila kukemea. Sijawahi kuheshimiwa namna ile na msomaji yeyote.

Niliogopa kuendelea kusoma, lakini nikasoma. Siku ya nne aliandika:

"Hodi. Mwanangu amefika leo, mzima. Nimeona nikwambie usiendelee kumtafuta. Pole kwa kuhangaika, na ahsante."

Akajibiwa yaleyale.

Siku hiyohiyo niliibomoa programu nikaiandika upya. Sasa anayeanza na hodi huambiwa kwanza karibu, ndipo anatafutiwa, na asipopata, swali lake linakuja kwenye simu yangu. Wengi wamebisha tangu hapo. Mama wa Mchombe hajabisha tena, na kila asubuhi naangalia, nikiomba iwe ni kwa sababu hana anayemtafuta.