Mwezi wa Uji wa Muhogo

Hata leo, nikikuta beseni la maji ya buluu ya kufulia, siwezi kupita tu. Lazima nichovye kidole. Wajukuu wananicheka, wanadhani bibi yao amerudia utoto, na labda ni kweli.

Buluu hiyo ndiyo iliyonifundisha kuchora, kwetu Rugenge, Uvira, katika miaka ya hamsini. Shangazi Feliza, dada ya baba, alikuwa akifua nguo za misioni, na siku moja akaniletea kitabu kikuukuu kisicho na jalada. Ndani mlikuwa na picha moja iliyoniroga: bustani ya usiku, maua meupe, taa zimetundikwa mitini, na juu mwezi mzima. Akanipa na vipande vya buluu ndani ya leso.

"Angalia sana, chora kidogo," akasema.

Nikaanza kuinakili juu ya katoni, kila mchana nikitoka masomo. Buluu ilikuwa usiku, makaa yalikuwa miti, mawese yalikuwa mwanga wa taa. Rangi nyeupe niliitoa kwenye unga wa muhogo uliokorogwa na maji. Maua madogo yalishika, lakini mwezi, wee! Ukikauka tu, unapasuka na kudondoka. Niliharibu katoni tatu, na zote nilizililia.

Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, wale samaki wadogo wanaofuata taa gizani. Mwezi ukijaa hawazifuati, maana ziwa lote lina mwanga. Basi siku hizo baba alilala nyumbani, na mama alitwanga sombe, majani ya muhogo, huku akiimba. Mchana mmoja wa siku za giza, nilipomwonyesha baba katoni ya nne, bado haina mwezi, alicheka mpaka akakohoa. Kwake zile hazikuwa taa za bustani hata kidogo. Zilikuwa taa za mitumbwi.

"Acha hivi hivi," akasema. "Weye unataka mwezi ya nini? Mwezi ikijaa, tutakula nini?"

Nikaacha, tena kwa furaha. Niliona nimemchorea usiku wa bahati. Akaitundika ukutani mwenyewe. Jioni ile, giza totoro, akaenda ziwani, na upepo ukaamka. Wenzake walirudi asubuhi. Baba hakurudi, wala mwili wake haukuonekana. Moyoni nikajisemea: ni miye, niliyeondoa mwezi. Sikumwambia mtu.

Matanga yalipokwisha, mama akaiondoa katoni ukutani. Akapika uji mzito wa muhogo, ule tuliokuwa tukigandishia karatasi, kisha akaniita.

"Weka mwezi."

"Mama, itaanguka."

"Weka."

Nikaficha mikono mgongoni. Akachota uji mwenyewe, akapaka mwezi mkubwa kama sahani, ukafunika taa zote na nusu ya maua. Nikapiga kelele: "Umeniharibia picha yangu!" Alibaki akilainisha kingo kwa kidole gumba, taratibu, mpaka uji ukapoa.

Nilimnunia wiki nzima, jamani. Miaka ikapita, nami nikaolewa na mvuvi. Siku moja nikajikuta nahesabu zimebaki siku ngapi mwezi ujae, ndipo nikaelewa, nikakaa chini jikoni nikalia. Mama hakuwa akisahihisha picha yangu. Alikuwa akimzuia mumewe asitoke, na mimi nikamgombeza.