Siku Mama Mkwe Aliponiita kwa Jina

Siku yangu ya kwanza kazini, dereva mkuu hakunipa usukani. Alinipa kitambaa, nikafuta vioo, akauliza, "Umeona nini?" Nikajibu, vioo safi. "Basi wewe bado. Dereva huona barabara." Nilifuta vioo miezi mitatu pale Tunduma kabla sijagusa gia. Vijana wa leo hukabidhiwa gari asubuhi, jioni wako mtaroni.

Baadaye nikawa dereva wa masafa, yaani wa kuvuka mpaka, nikipeleka chumvi Zambia. Safari moja mama mkwe wangu wa Ndalambo aliomba lifti kwenda kumwona mwanawe huko huko Zambia. Tajiri, mwenye gari, akaniambia, "Mzazi huyo, mkalishe kabini." Alikuwa mtu wa Tanga, hakujua mila zetu. Kwetu Wanyamwanga, mkwe na mama mkwe hawatazamani, wala hawatajani majina. Basi mama akapanda nyuma, juu ya magunia, nami nikaendesha siku mbili bila kumtia machoni. Akitaka kushuka, aligonga bodi kwa fimbo.

Vita vya ukombozi vilikuwa vimepamba moto, na ndege za walowezi wa kizungu wa nchi jirani ya kusini zilivuka mpaka kuja kupiga madaraja ya Zambia. Tulijua, lakini chumvi lazima ifike. Tulipokaribia daraja moja, fimbo iligonga mfululizo. Nikadhani mama kabanwa na haja, nikasema moyoni avumilie, nitasimama ng'ambo. Injini ilinguruma, sikusikia kingine. Ndipo akapaza sauti: "Yohana! Simama, ndege!"

Kusikia jina langu kinywani mwake kulinitisha kuliko hizo ndege. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Mama akateremka kwa wepesi ambao sijui aliutoa wapi, tukajitupa ndani ya kalavati, lile bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara. Lilikuwa jembamba. Mimi nikageukia huku, yeye kule, migongo imegusana. Bomu likaanguka, ardhi ikatikisika.

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Siku mbili umeninyamazia, sasa ndiyo unaongea?"

Tulipotoka, daraja lilikuwa limekatika, na kipande cha chuma kilikuwa kimetoboa kiti changu usawa wa kifua. Nikalia, nikacheka, vyote pamoja. Mama akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Kumbe binti yangu hakuolewa na sura mbaya," akasema. "Lakini jembe na kuku utaleta."

Hiyo ndiyo fidia ya kuondoa haya kati ya wakwe. Nilipeleka majembe mawili na jogoo wa kuongezea, kwa furaha ambayo sijawahi kuipata siku ya mshahara.

Nimestaafu sasa, na mama anaishi kwangu, kijiji cha Mpemba. Kila asubuhi namshika mkono kumpeleka kuota jua. Baba yangu alimzika mama mkwe wake bila kuwahi kuijua sauti yake.