Mwaka Tuliobadilisha Golikipa

Enzi zetu mchezaji wa mpira hakununuliwa kwa mamilioni. Alinunuliwa kwa kazi. Kiwanda cha Thika kikikutamani, kilikutafutia ufagio na ovaroli. Shamba la kahawa la Ruiru likikutaka, lilikupa jembe na chumba kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizobanana ukuta kwa ukuta. Basi, umeshasajiliwa. Hakuna aliyepigwa picha akiwa ameinua jezi, maana jezi yenyewe ilikuwa mfuko wa unga uliochovywa kwenye rangi ya bluu. Mvua ikinyesha, wachezaji wote walirudi nyumbani na vifua vya bluu.

Wenzangu mliokulia kwenye laini za kahawa miaka ile ya hamsini mtaikumbuka harufu ya maganda ya buni yaliyochacha nyuma ya kinu. Wageni walishika pua, sisi tukaona ndiyo hewa. Shuleni tuliandika kwenye vibao na kuvifuta kwa mate, mpaka kiboko cha mwalimu kitukumbushe kwamba kuna kitambaa. Jioni tulichoma ngwaci, viazi vitamu, jivuni na kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira wa matambara. Watoto wa siku hizi simu ikiisha chaji wanalala wamenuna. Sisi tuliishiwa na uzi wa kufungia mpira tu, na tulijua ni blanketi la nani la kuchomoa.

Kaka yangu mkubwa, Njuguna, ndiye aliyekuwa golikipa wa timu ya shamba. Mimi nilikuwa mwalimu wake wa mazoezi, ingawa hakuna aliyenitangaza. Baada ya kazi alisimama mbele ya ukuta wa nyumba yetu, nami nikamrushia mpira wa matambara hadi giza liingie. "Wambui, tupa kwa nguvu! Usinionee huruma." Nilitupa mpaka bega likauma. Hadi leo hakuna mjukuu wangu wa kiume anayenishinda kurusha.

Jumamosi kazi ilikuwa nusu siku. Kahawa ikishapimwa, wanaume walichuchumaa pale kwenye mizani na kupanga timu. Walipanga kwa buni, chini kwenye vumbi: nyekundu kwa mchezaji mwenye hakika ya kucheza, ya kijani kwa yule wa mashaka. Kila mtu alikuwa na timu yake, na kila mtu aliwaona wenzake hawana macho. Kariuki, aliyekuwa mpimaji wa kahawa na mwenye sauti kubwa kuliko wote, mchezaji akimkasirisha aliokota buni yake na kuitafuna. "Huyu nimemfuta," alisema, halafu akatema mbegu. Buni ya Njuguna ilikuwa nyekundu kila wiki, na hakuna aliyewahi kuigusa.

Mwaka mmoja Kariuki alirudi kutoka Thika, alikotumwa na shamba, macho yakimtoka. Alikuwa ameiona timu ya kiwanda ikicheza Jumapili, na humo mlikuwa na mshambuliaji kutoka Kisii, kijana anayeitwa Mogaka. "Huyo jamaa akipiga mpira, golikipa anaanza kusali! Sisi kudaka tunadaka, shida yetu ni kufunga. Nani aliwahi kubeba kombe kwa kudaka?" Kiwanda nacho kilikuwa kinatafuta golikipa. Walibishana mpaka mate yakakauka. Walipima urefu wa Mogaka kwa mti wa mgrevilia, wakabishana kuhusu mguu wake wa kushoto, wakahesabu magoli atakayofunga kabla hajaja. Mwishowe wote wakamgeukia baba yangu.

Baba aliupenda mpira kuliko nyama. Tena alikuwa na ile aibu ya mzazi, hakutaka isemwe kwamba anambeba mwanawe. Aliitazama ile buni nyekundu ya Njuguna, akasema, "Mpira hauna undugu. Kijana aende." Walimpigia makofi. Mzungu mwenye shamba na meneja wa kiwanda walijuana, wakakubaliana upesi, golikipa kwa mshambuliaji. Waswahili walishatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini siku ile pale kwenye mizani hakukuwa na Mswahili hata mmoja.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau, na nyinyi mnajua. Mkikuyu hakutoka shamba hadi shamba bila ruhusa. Thika ilikuwa karibu, asubuhi yenye jua tuliona moshi wake kutoka mlimani, lakini kwetu ilikuwa kama ng'ambo. Mama aliposikia aliweka mwiko chini. "Baba Njuguna, mmehesabu magoli. Mtu je, mmemhesabu?" Baba alisema kijana atakuja kututembelea. Mama alimpakulia githeri yake, mahindi na maharagwe, akampa mgongo, na Jumatatu Njuguna akaondoka na blanketi kwapani. Nililia nyuma ya nyumba, nikaendelea kuurushia ukuta mpira ambao hakuna aliyeudaka.

Mogaka alifika, mrefu, mpole, mwenye salamu za adabu. Kwenye mazoezi ya jioni alikuwa moto kweli, na Kariuki akatembea shambani kana kwamba amemzaa yeye. Ijumaa jua lilipokaribia kutua, Mogaka akaoga na kujifungia chumbani. Watu wakasema, mnaona, anapumzika kama bingwa.

Jumamosi mchana timu ya shamba la jirani iko uwanjani, watu wamejaa, Mogaka hayupo. Kariuki akakimbia kwenye laini, nasi watoto nyuma yake. Tulimkuta Mogaka ameketi mlangoni amevaa shati jeupe, Biblia magotini.

"We, mechi inaanza!"

"Leo ni Sabato, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Kule Thika tulikuwa tunacheza Jumapili. Nyinyi hamkuniuliza."

Haiya! Wanaume wale wazima walikuwa wamejua mguu wake, kimo chake, hata namna anavyofunga bandeji kwenye kifundo, na mechi zote za kombe la mashamba zilikuwa Jumamosi. Hakuna aliyemuuliza anasali wapi. Tulifungwa siku ile, na Jumamosi nyingi zilizofuata, na golini hapakuwa na Njuguna. Shamba liliomba mabadiliko yavunjwe. Kiwanda kikacheka, maana kaka yangu alikuwa ameshawapendeza. Mogaka hakufukuzwa; alikuwa hodari wa kupogoa kahawa, na kila mtu alijua kosa si lake.

Njuguna hakupata ruhusa ya kuja kututembelea. Mama alikonda. Baba aliacha kula vizuri pia, ila alijifanya ni tumbo.

Kisha ikapangwa mechi ya kirafiki huko Thika, siku ya Jumapili, na lori la mashabiki likapewa ruhusa moja ya watu wote. Mama, ambaye hakuwahi kutazama mpira maishani, alikuwa wa kwanza kupanda, na kiondo cha ngwaci mapajani. Mogaka alicheza, maana ilikuwa Jumapili, na kwa mara ya kwanza tukaona kile tulichokinunua. Alipita watu wawili, akabaki yeye na golikipa wao. Kariuki alikuwa amesimama, mikono juu. Mogaka akapiga, Njuguna akaruka, akaudaka mpira kifuani na kuanguka nao.

Mama akapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Alipiga zote tano, zile ambazo kwetu hupigwa mtoto wa kiume anapozaliwa, na wanawake wote wa lori letu wakaitikia. Wachezaji wetu walitugeukia kwa mshangao. Baba alivua kofia na kuangalia chini.

Tukiwa njiani kurudi Kariuki akaanza kuguna, ati mashabiki gani hawa wanaoshangilia adui. Baba akamkatiza: "Kariuki, nyamaza. Nilimtoa mwenyewe." Tangu siku hiyo alikwenda kwenye mizani kama kawaida, lakini wakianza mambo ya nani abadilishwe na nani, alijipangusa vumbi akarudi nyumbani. Njuguna naye, ruhusa zilipokwisha kudaiwa, alikuwa ameshaoa na kuzoea Thika. Alikuja kwetu kama mgeni, akipewa kiti.

Siku hizi nakaa Gitothua, hapa hapa Ruiru, na wajukuu wangu. Wanashabikia timu ya mpira wa kikapu ya Amerika, wanaume warefu kama milingoti, na kila jioni sebuleni ni kelele. "Huyo auzwe, ashazeeka!" "Tumpeane, tuchukue yule wa Chicago!" Wanajua kimo cha kila mchezaji, mshahara wake, hata saizi ya viatu. Wakati mwingine nawauliza, na mama yake anakaa wapi? Wanacheka mpaka wanaanguka kwenye kochi. "Ai, Shosh! Hiyo sasa itatusaidia na nini?"

Nami nacheka nao. Lakini enzi zetu tulijua mama wa golikipa alikokaa. Laini nzima ilimsikia akilia usiku kupitia ukuta, na asubuhi watu walikutana naye bombani wakashindwa kumsalimu.