Kona Iliyokatwa

Kama hujawahi kumwona mtu mwenye akili nyingi kuliko anazozihitaji, ungekuja kumtazama Mama Pacha mwaka wake wa mwisho chuoni. Alifundisha hisabati sekondari miaka kumi na mmoja, kisha akaacha chaki akaenda kusomea hesabu za viumbe: kuzisoma jeni za watu kwa kompyuta na kutafuta tofauti kati ya wagonjwa na wazima. Mumewe, fundi cherehani, aliwatangazia wateja kwamba mke wake anasomea udaktari wa kompyuta. Mama mkwe akasikia, akaleta mgongo wake.

"Mama, mimi sitibu, mimi nahesabu."

"Basi hesabu maumivu," akajibu mama mkwe, na hakuondoka.

Maabara ya idara ilikuwa chumba kimoja chenye jokofu linalonguruma, meza mbili na Mzee Ngoja. Huyu alikuwa fundi wa maabara, na jina alilipata kihalali, kwani kila ukishika kitu, yeye, "Ngoja kwanza." Ngoja nisome lebo. Ngoja uandike daftarini. Wanafunzi walivunjika mbavu wakimwigiza, na aliyemwigiza vizuri kuliko wote alikuwa Mama Pacha.

Sasa sikiliza mambo ya wasomi. Damu za watu tisini na sita ziliwekwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo, mfano wa trei ya mayai: wagonjwa wa figo nusu ya juu, wazima nusu ya chini. Sahani hiyo ina kona moja iliyokatwa makusudi, ili hata mtu anayesinzia ajue juu ni wapi. Matokeo yakatoka. Lo! Profesa aliyemsimamia Mama Pacha akagundua jeni inayokinga figo zisiharibike. Akanunua suti. Mama Pacha akabakiza kitu kimoja tu, saini ya Profesa kwenye tasnifu.

Kwa nini aliangalia tena, Mungu anajua. Ualimu ni ugonjwa; ukiona daftari, unasahihisha. Alikuwa anajaza jedwali la mwisho, akaiuliza kompyuta ni damu zipi zina kromosomu Y, ile waliyo nayo wanaume. Ikamjibu kwamba wanaume ishirini na watatu hawana, na wanawake ishirini na watatu wanayo. Hongera zao! Akahesabu upya. Akaigeuza orodha, wa kwanza akawa wa mwisho, na kila mtu akarudi kuwa alivyozaliwa. Sahani ilikuwa imejazwa ikiwa imegeuzwa. Wagonjwa walisomwa kuwa wazima, wazima wagonjwa, na ile jeni ya Profesa ilikuwa imejaa kwa watu wenye figo mbovu.

Profesa aliposikia hakulia. Wasomi hawalii, wanatafuta wa kulaumu.

"Nani aliijaza hiyo sahani?"

"Nani mwingine, Profesa? Maabara si ya Mzee Ngoja?"

Mama Pacha alisema hivyo bila hata kumeza mate. Kufika Jumatano, barua ya kumwachisha Mzee kazi ilikuwa imeshachapwa, imebaki kikao cha Ijumaa tu.

Alhamisi Mama Pacha akaenda kuchukua daftari la maabara, apate ushahidi wa kuipamba kesi. Mzee akampa. Akafunua ukurasa wa ile sahani, miaka miwili nyuma. Mwandiko wa kialimu, umenyooka, na saini kubwa ya kwake mwenyewe. Pembeni, kwa penseli, Mzee alikuwa ameandika: "Nimemwambia aangalie kona. Amesema anajua."

Na alikumbuka! Siku ile pacha walikuwa na homa, mumewe anapiga simu kila dakika, Mzee anasema ngoja, naye akamjibu, "Mzee, mimi nafundisha hisabati, kona nazijua zote nne." Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Kwa nini hukuwaonyesha hili daftari?"

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Wameandika barua tu. Nikasema ngoja, labda mwenyewe atakumbuka."

Usidhani alikimbilia ukweli kama shujaa. Alilibeba daftari hadi nyumbani, akalifukia chini ya vitambaa vya mumewe, akalitoa, akalirudisha. Ukurasa mmoja tu. Angeuchana, angevaa joho mwaka huohuo.

"Hilo daftari linaumwa?" mumewe akauliza. "Maana unalifunika na kulifunua."

Ijumaa Profesa alivaa suti yake ileile. Mzee alikaa karibu na mlango, kofia mapajani. Mama Pacha akalifungua daftari, akaliweka juu ya barua.

"Ni mimi. Niliigeuza mimi, na Mzee alinionya. Nilimsingizia."

Profesa akamuuliza kama anaelewa maana yake kwa tasnifu. Alielewa sana, si mtaalamu wa hesabu? Mwaka mzima mwingine, kuanzia damu.

Barua ikachanwa. Mzee hakuombwa radhi na mtu yeyote wa kikao. Wakubwa wana shughuli nyingi. Mama Pacha alimwomba nje, kwenye korido, huku akilia.

Jumatatu akaingia maabara, akashika sahani mpya.

"Ngoja kwanza," akasema Mzee.

Akangoja.

"Kona iko wapi?"

"Iko hapa, Mzee," akajibu mwalimu wa hisabati, kidole kikiwa juu yake.