Rubani wa Pumwani

Wenzangu, hii aibu nitazikwa nayo. Mtaani Pumwani waliniita Rubani kwa sababu nilifanya kazi uwanja wa ndege. Nilikuwa nafagia, ndege sijapanda hata ngazi yake.

Jirani yetu Mzee Salim alifariki usiku. Mwanawe Idi akapigiwa simu Bombay, akasema anapanda ndege ya asubuhi. Maiti haicheleweshwi, kwa hiyo ndugu waliniuliza kama wamsubiri mpaka alasiri.

Nikakohoa kitaalamu. “Bombay? Hiyo ni safari ya siku mbili. Zikeni.”

Wakazika baada ya adhuhuri. Tukiwa bado tunanyunyizia kaburi maji, Idi akashuka kwenye teksi na sanduku lake.

“Ni masaa sita tu! Nani aliwaambia sitawahi?”

Ami yake akanigeukia taratibu. “Muulize Rubani.”